Si Ukoma Ulao Vidole: Maradhi ya Neva na Jinsi ya Kuyatambua

Kila mwanafunzi aliyewahi kugonga kiwiko chake kwenye ukingo wa dawati anaujua ule mshtuko, mfano wa umeme, ushukao ghafla hadi kidole cha mwisho. Kilichogongwa hapo ni neva, ambayo wengi huiita mshipa wa fahamu. Neva hiyo hupita nyuma ya kiwiko, karibu sana na ngozi. Tutaona hivi punde kwamba ukaribu huo una hatari yake.

Kutoka katika uti wa mgongo hutokea jozi 31 za neva. Kila neva huanza kwa mizizi miwili: mzizi wa mbele hupeleka amri kwenye misuli, na mzizi wa nyuma huleta habari za mguso, joto na maumivu. Nyuzi nyingine huongoza utokaji wa jasho. Kwa hiyo neva ikidhurika, dalili huweza kuwa tatu: ganzi, udhaifu wa misuli, na ukavu wa ngozi.

Mahali dalili zinapotokea husaidia kutambua chanzo chake. Gegedu iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo ikichomoza na kuubana mzizi wa neva kiunoni, maumivu hushuka kwa mstari kutoka kiunoni hadi mguuni. Kisukari, kwa kawaida, huanza kwa ganzi katika nyayo zote mbili, kana kwamba mgonjwa amevaa soksi. Ukoma hufuata njia nyingine.

Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na daktari Mnorwe Gerhard Armauer Hansen mwaka 1873, hustawi penye joto pungufu kuliko la ndani ya mwili. Ndiyo maana hushambulia ngozi na neva zilizo karibu nayo: nyuma ya kiwiko, kwenye kifundo cha mkono, kando ya goti na kwenye kifundo cha mguu. Huongezeka polepole mno, hata dalili huweza kuchelewa miaka 5, pengine 20 au zaidi.

Watu wengi husema kwamba ukoma hula vidole. Sivyo. Daktari mpasuaji Paul Brand, aliyeanza kazi huko Vellore, India, mwaka 1946, alionyesha kwamba vidole hupotea hasa kwa sababu mgonjwa hasikii maumivu. Hushika sufuria ya moto asijue kwamba anaungua. Hukanyaga mwiba akaendelea kutembea. Jeraha huoza, mfupa huharibika na kidole hufupika. Maumivu, ambayo sote huyachukia, kumbe ni mlinzi wetu.

Basi ukoma utatambuliwaje mapema? Dalili kuu ni baka lililopauka au jekundu, lisilowasha, na lenye ganzi. Mpimaji humwomba mtu afumbe macho, kisha hugusa ngozi kwa ncha ya pamba, naye huonyesha mahali alipoguswa. Akishindwa kupaonyesha palipo na baka, shaka ni kubwa. Dalili nyingine ni kidole cha mwisho kisichonyooka, unyayo unaokwaruza ardhi wakati wa kutembea, au jicho lisilofumbika. Anayethibitisha ugonjwa ni mtaalamu wa afya.

Matibabu yapo. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza kutumia dawa kadhaa kwa pamoja. Siku hizi dawa hizo ni rifampisini, dapsoni na klofazimini, kwa miezi 6 au 12 kwa kadiri ya wingi wa mabaka, nazo hutolewa bila malipo. Mara baada ya kuanza dawa, mgonjwa huacha kuambukiza wengine. Hakuna sababu ya kumtenga.

Lakini kuua bakteria si sawa na kuponya neva. Neva ikivimba na kuuma, au udhaifu ukitokea ghafla, huhitajika dawa ya kutuliza uvimbe iitwayo prednisoloni, chini ya uangalizi wa daktari. Tumaini la kupona ni kubwa zaidi ikiwa madhara hayajapita miezi 6. Uzi wa neva uliokatika, hata mambo yakienda vizuri, hukua upya kwa takribani milimita 1 tu kwa siku. Kutoka kiwiko hadi kiganja, yapata milimita 300, ni safari ya karibu mwaka mzima.

Aliyekwisha kupoteza hisia hana budi kutumia macho mahali pa maumivu: akague nyayo na mikono kila siku, airoweke katika maji yasiyo moto na kuipaka mafuta, avae viatu, na ashike vyombo vya moto kwa kitambaa.

Mwalimu amwonapo mwanafunzi ambaye kalamu humponyoka, au mwenye majeraha asiyoyalalamikia, asifanye haraka kumwita mzembe. Na ampeleke kituo cha afya. Huenda neva ile ya kiwiko ingali yaweza kuokolewa.