Kwa nini ndege hupaa tena badala ya kutua?

Msikilizaji wetu wa Ngara na Biharamulo, unaujua upepo unaotangulia mvua: unageuka ghafla, unatimua vumbi na kulaza migomba. Upepo huo ni hatari kwa ndege inayotua, kwani iko chini na imepunguza mwendo.

Ukivuma kutoka mbele, huinyanyua ndege. Ukigeuka ghafla na kuvuma kutoka nyuma, mabawa hukosa nguvu na ndege hushuka haraka. Hapo rubani huongeza nguvu zote za injini, huinua pua ya ndege na kupaa tena. Kisha humweleza mwongoza ndege kwa redio, naye huwaonya marubani wengine. Ndege husubiri angani au huenda uwanja mwingine.

Tunakumbuka Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki.

Kwa hiyo, ukipanda ndege ya Bukoba ikapelekwa Mwanza, usimlaumu rubani. Funga mkanda, subiri. Kawia ufike.