Kulea mbwa wa wenyewe ghorofani: Sheria na haki za majirani

MGENI njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini mgeni anapokuwa mbwa wa mtu mwingine, na mwenyeji anaishi orofa ya nne katika jengo lenye familia ishirini, wa kufikiriwa kwanza ni jirani.

Kila Desemba, familia nyingi za Nairobi na miji mingine hufunga milango na kuelekea mashambani kwa sherehe za Krismasi na Mwaka Mpya. Wanaofuga mbwa hulazimika kutafuta wa kuwatunzia. Hapo ndipo hupata nafasi wale wanaopokea mbwa kwa malipo ya kila siku, baadhi yao ndani ya nyumba za ghorofa.

Kwa anayeifanya, hii ni riziki isiyohitaji mtaji mkubwa. Kwa anayeishi chini yake, huenda ikawa ni usiku wa kubweka, harufu kwenye ngazi na mtoto anayeogopa kutoka nje kucheza.

Swali la kwanza ni iwapo jengo lenyewe linaruhusu. Mpangaji anapaswa kuanza kwa kusoma mkataba wake. Mikataba mingi hukataza wanyama kabisa, au hudai idhini ya mwenye nyumba iliyoandikwa. Tabasamu la bawabu langoni si idhini.

Hata pale ambapo mkataba unaruhusu mbwa, ruhusa ya kufuga mbwa mmoja wa nyumbani haimaanishi ruhusa ya kupokea watano wa wateja. Kufuga ni matumizi ya makazi, ilhali kupokea mbwa kwa malipo ni biashara. Mikataba mingi ya nyumba za kuishi hukataza biashara, na anayekiuka sharti hilo huenda akapewa notisi ya kuhama.

Kwa walionunua nyumba zao, mambo yanaongozwa na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka wa 2020, iliyoanza kutumika Desemba 28 mwaka huo na kuchukua nafasi ya ile ya 1987. Chini ya sheria hiyo, mwenye nyumba humiliki sehemu yake pekee. Ngazi, lifti, ua na maegesho ni mali ya wamiliki wote kwa pamoja.

Wamiliki hao huunda shirika lao, ambalo huendeshwa na bodi na huwa na kanuni za ndani. Kanuni hizo humfunga mmiliki, na humfunga pia mpangaji wake. Ndiyo maana mtu hawezi kujitetea kwa kusema kwamba nyumba ni yake na atafanya apendavyo: mbwa akishavuka kizingiti, yumo katika mali ya wote.

Serikali za kaunti nazo zina usemi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kulinda maslahi yao, ikiwemo kutoa leseni za mbwa na kusimamia mahali pa kuwahifadhi. Anayetaka kuifanya kazi hii kwa dhati anafaa kuuliza katika ofisi za kaunti yake kuhusu leseni ya mbwa, kibali cha biashara na iwapo jengo la makazi linaweza kutumiwa kwa shughuli hiyo.

Lalama zinazozuka mara nyingi ni za kelele. Kanuni za mazingira zilizotolewa mwaka wa 2009 ziliweka kiwango cha desibeli 35 katika maeneo ya makazi usiku, kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mbwa anayebweka karibu na mtu anaweza kufikisha desibeli 80 au zaidi.

Mbwa mgeni hubweka kuliko mwenyeji kwa sababu hajui harufu ya nyumba, mlio wa lifti wala nyayo za majirani, na anamtafuta bwana wake. Akiachwa peke yake mchana kutwa, hali huwa mbaya zaidi. Kwa hivyo anayempokea hana budi kuwepo nyumbani, kumtembeza asubuhi na jioni, na kukataa idadi asiyoweza kuimudu.

La pili ni afya. Kichaa cha mbwa huua takriban kila mtu anayeanza kuonyesha dalili, na Shirika la Afya Duniani husema karibu asilimia 99 ya visa vya binadamu hutokana na mbwa. Mbwa asiye na cheti cha chanjo asipokelewe kamwe. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitalini.

Mbwa wenyewe huambukizana parvo na kikohozi wanapowekwa pamoja, hivyo chanjo hizo pia ni muhimu. Aidha, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama humhusu pia aliyekabidhiwa mnyama, si mwenyewe tu. Kumnyima chakula au maji, au kumtesa bila sababu, ni kosa.

La tatu ni imani. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ni wengi katika Pwani, mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa anayemlamba jirani ndani ya lifti akielekea msikitini anamharibia ibada. Kamba fupi, kutumia ngazi na kumsubiri jirani apite kwanza ni heshima isiyogharimu chochote.

Mzozo ukizuka, hatua ya kwanza ni mazungumzo, kabla ya polisi kuitwa. Jirani anayelalamika aandike tarehe na saa za usumbufu, kisha awasilishe malalamishi yake kwa bodi au kwa msimamizi wa jengo. Sheria ya 2020 inaruhusu shirika la wamiliki kuunda kamati ya ndani ya kusuluhisha mizozo, njia iliyo nafuu kuliko kesi.

Naye mwenye kulea mbwa aombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kupokea mteja wa kwanza, na awape majirani nambari yake ya simu. Pesa za wiki mbili za Desemba hazitoshi kufidia nyumba aliyofukuzwa Januari, na wenye mbwa watakaporudi kutoka mashambani, yeye na majirani wataendelea kupanda ngazi zile zile.