Ukingo wa Lami Unaomwangusha Mwendesha Baiskeli

Lori likipiga honi nyuma yake, mwendesha baiskeli aliyefunga gunia la mkaa kwenye keria hana njia ila kushuka pembeni. Anaingia kwenye changarawe, lori linapita, kisha anageuza usukani arudi juu ya lami. Hatari kubwa iko hapo, katika kurudi.

Baiskeli haisimami yenyewe. Mwendeshaji huisahihisha kila nukta: ikilalia kulia, usukani nao hugeuka kidogo kulia, na magurudumu yanarudi chini ya uzito wa mwili. Ni marekebisho madogo mno, hata mwenyewe hayatambui. Sasa chukua barabara ambayo mvua imekula udongo wa bega lake, lami ikabaki juu kwa sentimita chache tu. Kwa kuwa Tanzania na Kenya tunapita kushoto, ukingo huo unakuwa mkono wa kulia wa anayetaka kurudi. Tairi la mbele linausugua kwa ubavu, halipandi wala haligeuki. Mwili tayari umeshalalia kulia, gurudumu limekataa kuufuata. Mtu anamwagwa barabarani, upande ule ule wa magari, na mzigo unamwangukia.

Reli hunasa tairi vivyo hivyo, na hata vyuma vya mfuniko wa mtaro vilivyolazwa kufuata njia. Vikabili moja kwa moja, usivivuke kwa mshazari. Ukishuka kwenye changarawe, simama kwanza, uinyanyue baiskeli.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na takribani asilimia 6 walikuwa waendesha baiskeli. Kofia ngumu hupunguza sana majeraha mabaya ya kichwa, na kila mwendeshaji anastahili kuwa nayo. Lakini haizuii kuanguka, na inauma kusikia mtu aliyeangushwa na barabara mbovu akiitwa mzembe.

Marekani, wahandisi wa barabara kuu hutumia kifaa kinachofungwa kwenye mashine ya kumwaga lami, kikaushindilia ukingo uwe mteremko wa nyuzi 30 badala ya kukatika wima. Kilikusudiwa magari yanayotoka barabarani, lakini mteremko kama huo hata tairi jembamba huupanda kwa urahisi zaidi. Kwa barabara zilizokwisha kujengwa, kazi ni ya greda na kifusi: kujaza bega hadi lilingane na lami, kila masika yanapokwisha.