Sauti za Wazee Wetu na Dhamana ya Video za Mtandaoni

Mwalimu anayetaka kumfafanulia mwanafunzi wa Kakamega au Nyeri tofauti ya kimatamshi baina ya paa la nyumba na paa mnyama wa porini hukabiliwa na kikwazo. Katika lahaja ya Kimvita, jina la mnyama huyo hutamkwa kwa mpumuo ilhali la sehemu ya nyumba halina mpumuo. Ndivyo yalivyo pia kaa wa baharini na kaa la moto. Hata hivyo, tahajia ya Kiswahili Sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja kilichoteuliwa mwaka 1928, huyaandika maneno haya sawasawa. Kitabu, kwa hivyo, hakiwezi kumaliza kazi hii. Panahitajika sauti ya mzawa, na aghalabu mdomo wake uonekane.

Hapa ndipo tovuti za video zinapotufaa. Video ya kwanza ya YouTube, iliyopakiwa tarehe 23 Aprili 2005, ilikuwa ya sekunde 19 tu. Leo mwalimu mwenye simu anaweza kumrekodi mzee wa Lamu au Vanga akisimulia habari za uvuvi, akaipakia video hiyo, kisha akaipachika katika blogu ya somo lake. Chini yake ataandika maneno yote yaliyosemwa pamoja na maana ya msamiati mgumu. Mwanafunzi atasikiliza huku akisoma, na atarudia apendapo.

Hata hivyo, kupachika si kuhifadhi. Blogu huwa imebeba anwani ya video tu. Video yenyewe imo katika mitambo ya kampuni nyingine. Mwenyewe akiifuta, au kampuni ikifunga milango, blogu hubaki na kisanduku kitupu. Haya si mambo ya kubuni. Vine, iliyovuma kwa video zake za sekunde 6, ilianza mwaka 2013 na kufikia 2017 ilikuwa imefungwa. Mwaka 2019, MySpace ilikiri kuwa video, picha na nyimbo zilizopakiwa miaka mingi nyuma huenda zisipatikane tena. Waliokuwa na nakala zao nyumbani walisalimika.

Je, sisi tutakaorekodi lahaja ambazo wasemaji wake hodari wanazeeka, tuziache sauti hizo mikononi mwa wafanyabiashara wa ng'ambo? La hasha! Tovuti na iwe baraza la kuonyeshea. Ghala liwe kwetu. Nakala asilia iwekwe mahali pawili tofauti, mathalani katika diski ya shule na katika maktaba. Kila nakala iandamane na maelezo: lahaja, mahali, tarehe na jina la msemaji iwapo ameridhia litajwe. Video isiyo na maelezo haya haitamfaa mtafiti wa kesho hata ikitazamwa na maelfu.

Fauka ya hayo, mzee aelezwe waziwazi kuwa sauti yake itasikika ulimwenguni kote, naye akubali. Na wanafunzi wakitokea katika video, idhini ya wazazi ni ya lazima. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawalinda watoto.

Walimu wenzangu, tusitosheke na kuhesabu watazamaji. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na lugha ni mali.