Boa wa mchangani: jinsi ya kumtambua, anachokula na masharti ya kumfuga

Kila mara kijana anayechimba mchanga kwenye laga, au mama anayehamisha mifuko ya mahindi, hukutana na nyoka mnene, mfupi, mwenye rangi ya chungwa na mabaka meusi mgongoni. Wengi humuua papo hapo. Wengine, waliowahi kusikia kwamba nyoka huyu hafungi sumu na kwamba wazungu hununua wa aina yake, humtia kwenye jerikeni iliyokatwa na kumpeleka nyumbani. Makosa yote mawili yana gharama, na la pili linaweza kugharimu maisha, kwa sababu katika mchanga huo huo wa Garissa, Wajir na Mandera yuko nyoka mwingine wa kimo kinachokaribiana naye ambaye ana sumu kali.

Yule asiye na sumu ni boa wa mchangani. Jina lake la kisayansi ni Eryx colubrinus, na anaishi katika nchi kavu kuanzia Misri hadi kaskazini mwa Tanzania. Watu wakisikia neno boa hufikiria lile joka kubwa la kwenye filamu. Joka hilo, Boa constrictor, ni la Amerika ya Kati na ya Kusini, na halipatikani porini popote barani Afrika. Huyu wetu ni jamaa yake wa mbali na mdogo sana. Jike aliyekomaa hufikia takriban sentimita 80, na dume mara nyingi hazidi sentimita 50. Huko Ulaya na Marekani ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa sana majumbani, na wanunuzi humtambua kwa jina la Kenya. Wengi wa wanaouzwa huko leo wamezaliwa kizimbani na wala hawajawahi kuuona mchanga wa Modogashe.

Wapo pia wanaomchanganya na chatu. Chatu wa kwetu hukaa zaidi kando ya maji, hasa kwenye vichaka vya Mto Tana, na hukua kupita mita 4. Chatu hutaga mayai na jike huyazungushia mwili wake hadi yaanguliwe. Boa wa mchangani huzaa watoto walio hai, kati ya wachache hivi na 20 kwa mzao mmoja, na kila mmoja hujitafutia riziki tangu siku ya kwanza.

Namna ya kumtofautisha na mwenye sumu

Nyoka wa kuogopwa zaidi katika eneo hili anaitwa Echis pyramidum kwa jina la kisayansi. Magamba ya ubavuni mwake yana meno kama ya msumeno, kwa hiyo makala haya yanamwita nyoka-msumeno. Urefu wake kwa kawaida ni kati ya sentimita 30 na 60. Yeye pia hupenda mchanga, mawe na vichaka vikavu, na yeye pia hutembea usiku. Hapo ndipo hatari ilipo.

Tazama kichwa kwanza, ukiwa umesimama mbali. Kichwa cha boa wa mchangani hakijitengi na mwili. Ni kama ncha ya kidole gumba, kimeungana moja kwa moja na shingo nene. Macho ni madogo mno na yamekaa juu kidogo, ili aweze kujifukia na kubakiza macho na pua tu nje ya mchanga. Nyoka-msumeno ana kichwa kipana chenye umbo la peasi na shingo nyembamba inayoonekana wazi, na macho yake ni makubwa.

Kisha mkia. Mkia wa boa ni mfupi na butu, kiasi kwamba mtu anaweza kudhani nyoka ana vichwa viwili. Mkia wa nyoka-msumeno ni mwembamba na hupungua taratibu hadi ncha. Rangi nayo husaidia, ingawa si ya kutegemewa peke yake: boa ana mabaka makubwa ya kahawia iliyokolea au meusi juu ya rangi ya chungwa au manjano, na tumbo jeupe lisilo na alama. Ngozi yake hung'aa. Nyoka-msumeno ni wa kijivu au kahawia, hana mng'ao, na mara nyingi ana mistari iliyofifia mgongoni na alama za nusu duara ubavuni.

Mwendo na sauti ndivyo vinavyomtambulisha zaidi. Boa akishtuliwa hujaribu kuzama mchangani, polepole, kwa mstari ulionyooka. Nyoka-msumeno hujikunja na kuzisugua mbavu zake moja kwa nyingine, na magamba yale hutoa sauti ya kuchacharika kama sambusa zikitiwa kwenye mafuta ya moto. Anapokimbia huenda kwa ubavu. Ukisikia sauti ile gizani, simama ulipo, washa tochi, kisha rudi nyuma ulikotoka.

Jambo moja ambalo halisaidii ni mboni ya jicho. Inasemwa kwamba nyoka mwenye mboni ya wima kama ya paka ndiye mwenye sumu. Boa wa mchangani ana mboni ya wima na hana sumu. Fira, ambaye ana sumu, ana mboni ya duara. Tena, mtu aliyefika karibu kiasi cha kuiona mboni amekwisha kufika karibu kupita kiasi.

Anachokula

Porini boa wa mchangani hula panya, mijusi na mara chache ndege wadogo. Hawindi kwa kukimbiza. Hujifukia, akangoja saa nyingi, na mnyama anapopita juu yake humkamata kwa kuruka kwa ubavu, humzungushia mwili na kumkaza. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba nyoka wa aina hii huua kwa kuzuia pumzi. Watafiti wa Marekani waliompima boa wa Amerika walionyesha mwaka 2015 kwamba anapokaza, damu ya windo huacha kuzunguka ndani ya sekunde chache, na moyo hushindwa kabla ya pumzi kuisha.

Kwa mkulima wa kandokando ya Tana na mwenye duka la nafaka, maana yake ni hii: boa mmoja aliyeachwa nje ya boma hupunguza panya bila malipo. Anayetega panya kwa sumu ajue kwamba nyoka akimla panya aliyekwisha kulishwa sumu anaweza kufa naye, na vivyo hivyo bundi na paka.

Anayemfuga kwa leseni hulazimika kumlisha kwa utaratibu, na hapa ndipo wafugaji wengi wasio na ujuzi hukosea. Chakula chake ni mnyama mzima mwenye mifupa na maini yake, kwa kawaida panya. Kipande cha nyama ya mbuzi au cha ngamia hakimtoshi, kwa kuwa hakina kalisiamu anayoipata kwenye mifupa. Maziwa, mkate na anjera si chakula chake kabisa. Imani kwamba nyoka hunywa maziwa ni ya zamani na imeenea nchi nyingi, lakini mwili wa nyoka haukuumbwa kuyasaga. Nyoka aliyeachwa na kiu kwa siku nyingi anaweza kuyanywa kama angekunywa kimiminika chochote, kisha akaugua.

Kipimo cha windo ni unene wa nyoka mwenyewe. Panya asizidi sehemu nene kabisa ya mwili wake. Mtoto wa boa hupewa kitoto cha panya kila baada ya siku 5 hadi 7. Jike mkubwa hutosheka na panya mmoja kila baada ya siku 10 hadi 14, na dume, ambaye ni mdogo, hula windo dogo zaidi na mara nyingi hugoma kula kwa wiki kadhaa wakati wa kutafuta majike. Kugoma huko si ugonjwa ikiwa mwili haujakonda. Hugoma pia anapokaribia kujivua gamba, wakati macho yanapokuwa na ukungu wa rangi ya maziwa. Asilazimishwe.

Panya atolewe akiwa amekwisha kufa. Panya hai aliyefungiwa na nyoka asiye na njaa hugeuka akamtafuna nyoka mgongo, na vidonda hivyo huoza. Baada ya kula, nyoka asishikwe kwa siku mbili, la sivyo atatapika. Akitapika, aachwe bila chakula kwa wiki mbili ndipo apewe windo dogo kuliko la kwanza. Maji safi yawepo daima kwenye kibakuli kizito kidogo, lakini mchanga wenyewe ubaki mkavu, maana unyevu humletea magonjwa ya ngozi. Anahitaji upande mmoja wa kizimba uwe na joto la nyuzi 32 hivi na upande mwingine uwe na ubaridi kidogo, achague mwenyewe. Bila joto hawezi kusaga chakula, na panya ataoza tumboni. Watu wa Garissa hawana shida ya joto, ila debe la bati lililoachwa juani saa saba mchana humuua nyoka kwa muda mfupi sana, hata huyu wa jangwani.

Leseni ni ya nani kutoa

Kwa Katiba ya 2010, ulinzi wa wanyamapori ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti hutoa leseni ya mbwa, si ya nyoka. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumkamata, kumfuga, kumsafirisha au kumuuza mnyamapori bila idhini, na nyoka ni mnyamapori hata akikutwa ndani ya shamba la mtu. Maombi hupelekwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Anayetaka kuwaona nyoka wa Kenya kwa karibu bila kuvunja sheria anaweza kutembelea bustani ya nyoka ya Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1961, au shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu, ambalo pia linajulikana kwa kazi yake ya kuwasaidia watu walioumwa.

Kumpeleka nje ya nchi ni jambo jingine tena. Boa wote na chatu wote wamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na hawavuki mpaka bila kibali. Kijana anayeahidiwa fedha kwenye simu na mnunuzi asiyemjua, ili akusanye nyoka na kuwatuma kwa basi, ndiye atakayekamatwa. Mnunuzi hatakuwepo. Na zaidi ya mahakama, kijana huyo anapekua mchanga kwa mikono katika makazi ya nyoka-msumeno.

Mtu akiumwa

Boa wa mchangani akikasirishwa huuma, na damu kidogo hutoka. Jeraha husafishwa kwa maji na sabuni. Lakini asiwepo mtu wa kukaa nyumbani akisema "nadhani alikuwa boa". Kama nyoka hakutambuliwa kwa hakika, aliyeumwa apelekwe hospitali mara moja, iwe kwa gari au kwa bodaboda akiwa amekaa katikati na kushikiliwa na mtu nyuma.

Sumu ya nyoka-msumeno huizuia damu kuganda. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa: uvimbe, damu kwenye ufizi, damu kwenye mkojo, jeraha lisilokoma kuvuja. Ndiyo maana aliyeumwa huwekwa chini ya uangalizi kwa siku nzima hata anapojiona mzima. Kuna kipimo rahisi ambacho hata zahanati ndogo inaweza kukifanya: damu kidogo hutiwa kwenye chupa safi ya kioo, huachwa bila kuguswa kwa dakika 20, kisha huinamishwa. Damu ikiwa bado majimaji, sumu imeingia, na mgonjwa anahitaji dawa ya kupambana na sumu iliyotengenezwa kwa ajili ya nyoka wa Afrika.

Njiani, mgonjwa atulizwe na kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Kifungwe ubao kama mkono uliovunjika. Pete, bangili na viatu vitolewe kabla ya uvimbe. Kisu, kufyonza, mafuta ya taa, kamba ya kukaza na jiwe jeusi vyote viachwe. Kamba ya kukaza imewakatisha watu miguu ambayo ingepona, na kuchanja ngozi ya mtu ambaye damu yake haigandi ni kumfungulia mfereji. Asipewe aspirini wala ibuprofeni kwa maumivu, kwa sababu dawa hizo huongeza kutoka damu. Nyoka asifuatwe kuuawa ili aonyeshwe daktari. Picha ya simu iliyopigwa kutoka mbali inatosha, na ikikosekana, maelezo ya kichwa, mkia na sauti yatamsaidia mhudumu.

Shirika la Afya Duniani, lililoweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017, linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 duniani kila mwaka. Wengi ni wachungaji, wakulima na watoto, tena waliolala chini au waliotembea gizani bila viatu.

Nyoka akiingia nyumbani, toa watoto nje, acha mlango wazi, mtu mmoja amwangalie akiwa hatua kadhaa mbali, na ofisi ya KWS iliyo karibu au chifu ajulishwe. Wakati wa mvua, laga zinapofurika, nyoka wote hutafuta mahali pakavu, na manyatta ni mahali pakavu. Kuni zipangwe mbali na ukuta, mifuko ya nafaka iinuliwe juu ya mbao, na viatu vikung'utwe asubuhi kabla ya kuvaliwa.