Kiswahili katika Santuri ya "Uhuru Afrika"

Mnamo Novemba 1960, Randy Weston, mtunzi na mpiga piano wa jazi kutoka Brooklyn, alikusanya bendi kubwa jijini New York kurekodi utungo wenye sehemu nne alioupa jina la "Uhuru Afrika". Mpangilio wa ala uliandaliwa na Melba Liston, mpiga tromboni. Miongoni mwa wapiga ngoma walikuwamo Babatunde Olatunji wa Nigeria, na Candido Camero na Armando Peraza wa Cuba. Huo ndio mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijitawala.

Weston alieleza baadaye kwamba aliwauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa ni lugha ipi moja ingeweza kulisimamia bara zima, akajibiwa kuwa ni Kiswahili. Langston Hughes alitunga shairi la utangulizi; Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akalitafsiri na kulisoma mwenyewe. Ikumbukwe kwamba nyingi kati ya nchi hizo 17 zilikuwa makoloni ya Ufaransa, na kwamba Kiswahili kilikuwa na wasemaji wengi katika moja tu, yaani Kongo, upande wake wa mashariki. Tanganyika yenyewe, alikotoka msomaji, ilingoja hadi tarehe 9 Desemba 1961. Kwa hiyo Kiswahili hakikuchaguliwa kwa kuhesabu wasemaji. Kilichaguliwa kiwe hoja dhidi ya filamu zilizomwonyesha Mwafrika kama kiumbe asiye na lugha ya maana.

Neno "uhuru" lilistahili kazi hiyo kuliko ilivyodhaniwa. Mzizi wake "-huru" umetoka katika Kiarabu, na kiambishi "u-" ni cha Kibantu. Kabla halijawa neno la mikutano ya TANU katika miaka ya 1950, lilitaja hali ya mtu asiye mtumwa. Wamarekani weusi, ambao wahenga wao waliuzwa, walilipokea pamoja na maana hiyo kongwe, ingawa yamkini wachache wao waliijua.

Majina ya sehemu za utungo yanafaa kutazamwa kwa jicho la sarufi. "Uhuru Afrika" halina a-unganifu. Mzawa wa lugha angetarajia "Uhuru wa Afrika". Hata hivyo, upungufu huo unaligeuza jina kuwa wito, kama maneno mawili yanayopigiwa kelele mkutanoni. "Uhuru Kwanza" ni sanifu kabisa, na "kwanza", lililotokana na "kuanza", linabeba kipaumbele na mwanzo kwa pamoja. "Kucheza Blues" ndilo lenye utata. Kwa Kiswahili ala hupigwa, na anayecheza ni yule anayeinuka kitini. Kama mtunzi alikusudia upigaji wa piano, amekosea. Kama alikusudia dansi, amesema kweli, maana muziki wenyewe unamwinua msikilizaji.

Mipaka ya hoja yake inaonekana katika "African Lady". Humo Martha Flowers na Brock Peters wanaimba maneno ya Hughes kwa Kiingereza. Kiswahili kimepewa heshima ya kusomwa na ya kuwa jina, lakini hakikupewa kuimba. Hasara hiyo si ndogo kwa lugha ambayo ushairi wake umezoea kughaniwa, na ambayo silabi zake huishia kwa irabu, jambo linalomrahisishia mwimbaji kuivuta sauti.

Sehemu ya mwisho iliyobaki inaitwa "Bantu". Hilo si neno la Kiswahili, ambacho husema "watu"; ni istilahi iliyoenezwa na mwanaisimu Wilhelm Bleek katika karne ya 19. Nchini Afrika Kusini serikali ya makaburu ilikuwa imeshaligeuza kuwa lebo ya kuwatenga Waafrika, hata ikatunga Sheria ya Elimu ya Wabantu mwaka 1953. Katika santuri, neno hilohilo ni jina la sehemu inayozikutanisha ngoma za Nigeria, Cuba na Marekani. Mwaka 1964 serikali hiyo iliipiga marufuku santuri ya "Uhuru Afrika".