Mwindo: mgeni aanzie wapi?

Kila mfululizo mrefu wa hadithi za kubuni humletea mgeni swali lile lile: nianzie wapi? Anayetaka kuingia kwenye filamu za vita vya sayari hukuta sehemu nyingi zilizotoka kwa mpangilio unaochanganya, na hubaki kuuliza wenzake. Ningependa vijana wa Goma, Masisi na Walikale waulize swali hilo kuhusu kisa kilichotungwa kwenye misitu ya kwao: kisa cha Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa mashariki mwa Kongo.

Yaliyomo yatamvutia yeyote apendaye hadithi za kubuni za kisayansi. Mna mtoto anayezaliwa akicheka, akitembea na kusema, usinga wake mkononi. Mna wajomba wahunzi wanaoufua mwili wake kwa chuma. Mna kamba inayoanzia mkononi mwa shangazi juu ya nchi na kufika kuzimu, ikimwarifu kama mpwa wake bado yu hai. Mna radi inayoitwa kuteketeza kijiji kizima, na wafu wanaofufuliwa.

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alikutana na msimuliaji Shekarisi Rureke. Kazi ya kukinukuu kisa ilichukua siku 12. Rureke alisimulia, akaimba, akacheza na kuigiza, huku vijana wakipiga ufito mkavu na kuitikia nyimbo. Biebuyck na mwanaisimu Mnyanga, Kahombo Mateene, walikichapisha mwaka 1969, maneno ya Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine chenye masimulizi zaidi ya Mwindo kutoka kwa wasimuliaji wengine, kwa maana kila bingwa alikuwa na Mwindo wake.

Jambo moja kutoka siku zile linajibu swali letu. Rureke alisisitiza kwamba hajawahi kukisimulia kisa chote mfululizo. Desturi ilikuwa kuchagua sehemu na kuitoa jioni hiyo, na nyingine jioni nyingine. Basi mgeni asione haya kuingilia katikati. Ndivyo walivyoingia wenyeji wenyewe.

Ushauri wangu ni huu. Chukua simulizi la Rureke, uanzie kwenye ngoma. Mwami, yaani chifu, Shemwindo wa Tubondo amewaagiza wake zake saba wazae mabinti tu; mtoto wa kiume atauawa. Mke mpendwa anamzaa Mwindo. Baba anamrushia mikuki, haimpati. Anamzika, anatoka kaburini. Mwishowe anaamuru ichongwe ngoma, mtoto atiwe ndani, ngozi ziwambwe pande zote, na itupwe mtoni. Ngoma inazama, kisha inaibuka. Inaelea huku mtoto akiimba ndani yake, akimuaga baba na kutangaza kwamba anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti, mtawala wa majini. Wasichana walioshuka kuteka maji wanausikia wimbo. Sehemu hii ni fupi, na ina kila kitu: dhuluma ya baba, ukaidi wa mtoto, na uimbaji unaokibeba kisa kizima.

Kisha nenda kuzimu. Mwindo aliyefuliwa chuma ameiteketeza Tubondo kwa msaada wa Nkuba, bwana wa radi, na baba ametoroka chini ya ardhi. Huko Mwindo anakutana na Kahindo, binti anayeumwa buba. Anamwosha vidonda, naye binti anamwonya kuhusu baba yake Muisa: akikupa kiti usikikalie, akikupa pombe ya ndizi usinywe, akikupa ugali usile. Muisa anamtaka apande shamba la migomba na kuvuna ndizi siku hiyo hiyo, na Mwindo anaweza. Mbele zaidi, kwa mungu Sheburungu, anacheza kamari na kupoteza vyote alivyo navyo. Unabaki usinga tu. Anauweka rehani, na kwa huo anarudisha kila kitu na kumpata baba yake. Hamuui. Anamrudisha nyumbani, naye baba anakiri kosa lake mbele ya watu. Msomaji wa pwani aliyelelewa na habari za Fumo Liyongo, aliyeuawa na mwanawe, atapima mwenyewe uzito wa msamaha huu.

Ukishafika hapo, rudi mwanzo usome kwa utaratibu. Lakini usiishie kwenye ushindi, na hili nalisema kwa mkazo, maana wengi hudhani kisa kimekwisha shujaa akirudi nyumbani. Baadaye Mwindo anamuua Kirimu, dubwana wa msituni mwenye vichwa saba. Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, na Nkuba anakuja kumchukua Mwindo hadi angani. Huko anakaa mwaka mzima kati ya Mvua, Mwezi, Jua na Nyota, akiteswa na kuonywa. Usinga haumsaidii. Yule aliyejisifu katika kila wimbo anaambiwa akome majivuno, na anakatazwa kuua wanyama. Anaporudi anawapa watu sheria: walime mazao ya kila aina, wasigombane, wasimcheke mlemavu, wasiwatamani wake za wenzao.

Bila safari hiyo, Mwindo ni mwenye nguvu tu. Tangu mwaka 1993, mapigano yalipozuka Ntoto huko Walikale na kuenea Masisi, watoto wa pande hizi wamewaona wenye nguvu wengi, na wengi wao walitawala kwa kuogopwa. Kisa cha babu zao kinasema nguvu peke yake haimfanyi mtu mwami. Sharti kwanza afundishwe kujizuia. Ni elimu ya Wanyanga, na jirani zao Wahunde wa Masisi, ndugu zao kwa lugha na mila, wataitambua.

Asomaye Kifaransa aongeze mkusanyo wa fasihi simulizi ya Kinyanga waliouchapisha Biebuyck na Mateene mwaka 1970. Mwenye mzee Mnyanga nyumbani asingoje kitabu: amwombe sehemu moja jioni hii, arekodi sauti yake kwa simu, na aandike jina la mzee na la kijiji.

Katika sheria zake za mwisho, Mwindo anawataka watu wamwogope mwami, na anataka mwami naye awaogope watu. Usikifunge kitabu kabla ya kufika hapo.